Mwalimu Abner Mokua, Wapelelezi Wake na Kikombe cha Uji

Wachungaji, wazee, wakwe zetu, majirani wa Nyansiongo na wageni mliopanda huku kutoka Kisii, familia imemwomba Lorna, dada mdogo wa marehemu, awasomee historia hii, naye ameahidi kuisoma yote, hata pale ambapo baadhi yenu mtatamani aruke.

Mwalimu Abner Mokua Bosire alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, kifungua mimba wa marehemu mzee Bosire na Mama Mong'ina, ambaye mnamwona ameketi hapa mbele, na mwaka 1965 familia ilihamia Nyansiongo, wakati mashamba ya walowezi yalipogawiwa wananchi, ikaanza kulima mahindi na kufuga ng'ombe wa maziwa. Mnamo Agosti 1969 mzee Bosire aliugua ghafla, akatapika hadi akafa, na kwa kuwa alikuwa amekula kwa jirani mmoja mjane, watu walimtaja mjane huyo kuwa amemlisha sumu hata kabla kaburi halijachimbwa, wakamfukuza pamoja na watoto wake, nyumba yake ikachomwa moto. Abner alijua kwamba baba yake alianza kutapika kabla ya kwenda kwa mama yule, maana yeye ndiye aliyemshikia beseni, lakini hakuna aliyemuuliza, na alipojaribu kusema aliambiwa watoto wanyamaze.

Alisoma shule ya msingi hapa Nyansiongo, akamaliza mwaka 1973, kisha akajiunga na sekondari mjini Kisii kuanzia 1974 hadi 1977, na huko, kwenye rafu ya chini ya maktaba, akakutana na hadithi ya mpelelezi wa zamani, kitabu kisicho hata na jalada, akakisoma kwa siku moja akakirudia tena. Alikuwa akisema kwamba mle ndani alikutana kwa mara ya kwanza na mtu mzima anayeuliza kwanza, akasikiliza, ndipo akataja jina la mtu, na kwamba tangu siku hiyo hakutaka rafiki mwingine.

Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1980, akaanza kazi Januari 1981, akafundisha katika shule mbalimbali za Nyamira hadi alipostaafu mwaka 2018, na badala ya kupumzika kama watu wengine, akafungua kibanda cha vitabu vikuukuu pale soko la Daraja Mbili mjini Kisii, katikati ya muuza ndizi na muuza makoti ya mitumba, akauza na kuazimisha hadithi za upelelezi tu, hata alipoambiwa kwamba wazazi wanatafuta vitabu vya shule.

Tarehe 16 Desemba 1984 alifunga ndoa takatifu na Nyanchera katika kanisa la Waadventista, wakajaliwa watoto wawili, Nyanchoka na Mose. Nyanchera ameomba isemwe wazi kwamba kuishi na mtu wa namna hii hakukuwa lelemama, kwani sukari ikipungua alichunguza nyayo sakafuni, ng'ombe akikosa maziwa alimhoji kila mtu hadi mgeni, na Nyanchera akithubutu kusoma ukurasa wa mwisho kwanza, akiwa amesimama jikoni akisubiri maji yachemke, mumewe alimnunia hadi jioni. Yeye mwenyewe vitabu hivyo vilimchosha, akamwambia mumewe mara nyingi kwamba ndani yake mwanamume akifa tu, wa kwanza kuulizwa ni mke aliyempikia.

Kila Jumapili alasiri wasomaji walikusanyika kibandani, na marehemu alifurahia kueleza ni kwa nini kila mmoja wao alinaswa na wapelelezi hao. Chifu mstaafu Machogu alisikiliza kesi za mipaka maisha yake yote bila kuona hata moja ikiisha, kwa hiyo alipenda kesi inayoisha kitabu kinapofungwa. Marion, muuguzi, alipenda mpelelezi anayepata nafasi ya kumtazama mtu vizuri, viatu vyake, mikono yake, wakati yeye kazini foleni haimpi nafasi hata ya kuketi. Duke wa bodaboda alipenda kuona askari wakikosea na raia akiwasahihisha. Jeconia, muuza viatu mjini Kisii, ambaye kwao ni huko ziwani, alipenda kwamba mpelelezi mara nyingi ni mgeni, lafudhi yake inachekwa mlangoni, na bado wenye mji wote wanalazimika kumjibu. Marehemu aliwapenda wote, akawaazima vitabu na kuwanunulia chai, na familia ilidhani kwamba kutokana na kusoma kote huko walikuwa wamejifunza jambo.

Mwaka 2022 Mwalimu aligunduliwa kuwa na shinikizo la damu na moyo uliopanuka, akapewa dawa, akawa anazimeza akijisikia vibaya na kuziacha akijisikia vizuri, ingawa Nyanchera aligombana naye juu ya jambo hilo kila wiki. Asubuhi ya Jumanne tarehe 4 Novemba 2025 alikunywa uji wa wimbi, akatoka kwenda kukagua mabomba ya maji, akaanguka karibu na zizi, na alipofikishwa hospitalini Kisii madaktari walithibitisha kwamba alikuwa ameshafariki. Mwili ulipasuliwa, na madaktari wakaandika kwamba ni moyo, na ni moyo tu.

Na hapo ndipo uchovu wetu ulipoanzia. Wasomaji walifika matangani siku ya Alhamisi, wakalia nasi, tukashukuru, kisha wakakaa nyuma ya jiko kwenye migomba na kuanza kufanya yale ambayo kila mmoja aliyapenda vitabuni. Marion alikumbuka kwamba vidole vya marehemu vilikuwa vya samawati, na ingawa kazi yake ni uuguzi na anajua vizuri vidole vya mgonjwa wa moyo, alisema ni lazima mtu afikirie kila kitu. Jeconia alimuuliza mjane maswali ambayo hata shemeji hathubutu kuyauliza. Duke alisimama mlangoni mwa jiko akasema, "Mama Nyanchoka, lakini hiyo kikombe ya uji mbona ulikimbia kuosha?" naye Nyanchera, ambaye ameosha vikombe kila asubuhi kwa miaka arobaini, hakuwahi kufikiri kwamba hilo ni swali. Mzee Machogu akataka jambo hili liishe kabla ya mazishi, yaani apatikane mtu.

Tangu siku hiyo chai ya nyumba hii inapoa vikombeni, watu wanaishika, wanaipuliza, wanaiweka chini bila kuinywa, na hakuna mtu wa Kisii au Nyamira anayehitaji kuelezwa maana yake. Nyanchera amemzika mumewe moyoni huku akisikiliza usiku kama mbwa wanabwekea watu wanaokuja, kwa sababu yeye pia anajua kilichompata mjane yule wa mwaka 1969, naye Mwalimu alimsimulia habari hiyo akilia, mzee mzima. Enyi wasomaji, mlisoma naye Jumapili hizo zote, mkaona werevu wa mpelelezi, mkapita kando ya subira yake, na inatuudhi kupita kiasi.

Sasa, nyinyi mnaopenda ule mwisho ambapo watu wote hukusanywa mahali pamoja, leo mmekusanywa. Mama Mong'ina ameamua kwamba udongo wa kwanza kaburini utatupwa na Nyanchera, yeye mama mkwe akiwa amemshika mkono, kisha Nyanchoka na Mose, kisha sisi wengine, na yeyote anayeamini kwamba mke huyu alimuua mumewe asiguse udongo huo, abaki ameketi hemani, ili yeye Mama Mong'ina amfuate hapo alipo na amuulize, mbele yetu sote, ameona nini.

Familia inawashukuru madaktari walioeleza matokeo kwa lugha yetu ya Ekegusii mara tatu bila kuchoka, majirani waliochimba kaburi, wakaleta kuni na maziwa, walimu waliofundisha naye, wachuuzi wa Daraja Mbili waliofunga vibanda vyao leo, na wasomaji pia, kwa maana mlimpenda, na hasira yetu haijafuta hilo.

Mwalimu Abner Mokua, mwana wa Bosire, nenda ukapumzike kwa amani. Hakuna aliyekuua.