Mshono Uliopigwa Msasa

Mzee aliyeketi kando yake kwenye treni alimuuliza saa tu, lakini mhandisi hasira zilikuwa zimempanda, akammwagia yote.

"Mzee wangu, kazi yangu ni kutafuta namna ya kuchomelea vikasha vya vile vifaa vya mapigo ya moyo, vinavyowekwa kifuani. Leo sampuli imetoka na ufa kwenye mshono. Nikaiacha mezani, nikaenda kuwaita wenzangu tuichunguze. Kurudi, bosi kaipiga msasa mpaka inang'aa, anawaonyesha wageni!"

"Wakaipenda?"

"Wakapiga makofi! Sasa anataka tuanze kutengeneza vya kuuza."

"Punguza moto, binti yangu. Kama ufa umeondoka..."

"Uondoke uende wapi? Msasa umefuta wa juu tu, wa ndani upo palepale! Unyevu ukipenya humo, kifaa kinazimika mtu anakunywa chai yake!"

Abiria wa mbele, aliyekuwa akijifanya amesinzia, alifumbua jicho moja.

Treni iliposimama, mzee aliinuka polepole, kiganja kikiwa kifuani, upande wa kushoto.

"Changu daktari alinionyesha kabla ya kuniwekea," alisema. "Kilikuwa kinang'aa kwelikweli."