Bwana Miche na Mmea wa Barazani

"Shangazi, ruka hapo pa barazani," kaniambia mwana wa marehemu niliposimama mazikoni kusoma wasifu wa baba yake. "Mama anakuja sasa hivi."

Siruki, mwanangu. Mama yako alikataa chumbani mmea wake usiguswe; basi aje akatae mbele ya watu. Baba yako alinituma mimi dada yake, na maneno ya marehemu si mchele, nichague na kupepeta.

Ndugu yetu, tuliyemwita Bwana Miche, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tano na wa mwisho. Mkunga aliapa kwamba alitoka na jani mkononi. Nilikuwepo, nimejibanza nyuma ya mlango: lilikuwa jani la mpera.

Shule aliishia darasa la nne. Mwaka 1963 walimfukuza kwa kung'oa maua ya mwalimu mkuu, eti aone mizizi inavyokunywa maji.

Tarehe 2 Januari 1972 aliajiriwa kwenye kitalu cha miche. Huko ndiko ulikoletwa mmea wa kutambaa kutoka ng'ambo, umefungwa gunia bichi, maua yake zambarau. Alipooa, Agosti 1976, alimpandia bibi harusi shina moja barazani. Majirani wakaomba vipande, akawagawia kwa mikono miwili.

Mmea ukapanda kuta, ukapanda nguzo, ukapanda kilima. Nguo ulizoanika asubuhi, jioni mmea umeshazivaa wenyewe. Miti ya kilimani ukaifunika ikakosa jua, ikafa imesimama. Nyuki wakahama, ndege wakafuata. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu tulimpa panga. Mwaka 2009 marehemu mwenyewe alituongoza kuufyeka, tukatupa vipande kijitoni. Kila kifundo kikaota mizizi. Maji yakavipeleka hadi mashamba ya watu tusiowajua. Hakuna aliyemlaumu usoni. Waliacha tu kumsalimia.

Miaka kumi na mitano alipanda kilimani peke yake na sururu, aking'oa shina kwa shina. Nyinyi mliokaa viti vya mbele mlikuwa mkimwona akipita. Tarehe 9 Aprili 2024 alikata kamba za mmea zilizouzonga mti mkavu. Kumbe ndizo zilizokuwa zikiusimamisha. Mti ukamwangukia. Nyonga ilivunjika, kidonda kikaoza, akafariki hospitalini tarehe 30 Mei, saa nne asubuhi.

Siku mbili kabla, alinishika mkono. "Dada, mbegu zinatoka barazani kwangu. Nimeng'oa kilima kizima, pale mlangoni nimeshindwa. Nikimgusia mke wangu, analia. Wewe mwambie."

"Nitamwambia," nikasema.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja mkongwe, na kilima cha miti mikavu. Wosia wake ni mmoja: mmea ule wa barazani ung'olewe na mzizi wake kabla ya mvua, na atakayeanza kushika jembe awe—

Karibu, wifi. Mpisheni apite. Kaa hapa, karibu yangu. Tulikuwa tunasema tu jinsi alivyopenda maua.

Basi, apumzike.