Jipu Iliyoshindwa na Mama Mkwe

Mkunga alikuwa anatoka zamu na alitaka kusinzia tu ndani ya treni, lakini jirani yake, bwana aliyepakata gia mpya za difu, zile zinazopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya gari, alikuwa anamlilia shida dereva wa lori aliyeketi mkabala.

"Tangu niifunge jipu, gari langu, matairi makubwa, mlimani haivuti, kaka. Juzi nampeleka mama mkwe hospitali, katikati ya mlima akashuka, akatembea, akafika kabla yangu."

"Anaumwa nini?"

"Mguu."

Mkunga akageukia dirishani haraka kuficha kicheko. Usingizi ulishamtoka.

Dereva akazikagua zile gia. "Hizi ni nne kwa moja. Tafuta tano kwa moja, shafti ya kutoka injini izunguke mara tano ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Itapanda."

"Na kwenye tambarare?"

"Itapiga kelele, na mwendo utapungua."

"Mimi nataka vyote."

"Basi rudisha matairi madogo."

Bwana akazikumbatia gia zake kama aliyeshauriwa kumwacha mke. "Watu watanionaje?"

"Wataona umefika."

Treni ikasimama. Bwana akabeba gia zake, akashuka, akageuka. "Na nikifunga makubwa zaidi?"

Mlango ukajifunga.