Dada Yetu Bibi Kwa-Nini na Meza Yake ya Alhamisi

Ndugu waombolezaji, mimi ndiye mdogo wake marehemu, yeye ndiye aliyeniachia ziwa, kazi yangu ni kutengeneza friji, kwa hiyo nikikosea neno la kisomi mnivumilie, ila nikisema kweli naomba asinikatize mtu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1962, mtoto wa tatu kati ya sita, mama yetu akiwa mfuaji wa mashuka ya hospitali na baba karani wa stoo, alianza shule ya msingi mwaka 1970, sekondari mwaka 1977, na mwaka 1985 akahitimu uuguzi na kupangiwa wodi ya wazee, ambako alishindwa kuelewa kwa nini kati ya wazee wawili wa umri mmoja, mmoja apande ngazi mwenyewe na mwenzake aanguke akienda chooni, na swali hilo ndilo lililomrudisha darasani hadi akapata shahada ya uzamivu mwaka 2004. Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na mpima ardhi, shemeji yetu mcheshi aliyetutangulia mwaka 2015, wakajaliwa binti ambaye sasa ni mfamasia, na mtoto wa kiume ambaye ni fundi umeme.

Siku ya Alhamisi, tarehe 6 Machi 2008, katika chumba cha mwisho cha ukumbi wa idara yake pale chuo kikuu, chenye feni moja mbovu niliyoitengeneza mwenyewe mara nne, alianzisha meza ya watafiti chipukizi wa mambo ya uzee, kila anayeomba ruzuku alete andiko lake wenzake walisome kabla halijapelekwa, na sheria ilikuwa moja, mwandishi anafunga mdomo huku wenzake wakimchambua, naye dada akiandika pembeni kwa penseli "kwa nini?", mpaka wakambandika jina la Bibi Kwa-Nini. Wapo waliotoka pale wakilia, wapo waliomnunia mwezi mzima, lakini maandiko yao yalipita, wakapata maabara, wakapata vyeo, na wengine leo tukiwapigia simu zinaita tu.

Yeye mwenyewe tangu Mei 2016 alikuwa akiwafuatilia wazee mia tatu na kumi na wawili, kila mwezi wa tano anawapima mwendo, nguvu ya mkono na kumbukumbu, na alihitaji miaka mitatu tu ya mwisho ili apate jibu, ndipo akaandika ombi lake la ruzuku, na kwa kuwa hakutaka kujiweka juu ya sheria yake, akaliweka mezani nalo lichambuliwe, kisha akalipeleka tarehe 2 Septemba 2022. Jopo la kuamua lilipotangazwa lilikuwa na watu tisa, na sita kati yao walikuwa wa meza yake, walewale waliolichambua ombi lake, na sheria ya jopo inasema aliyewahi kuligusa andiko atoke nje linapojadiliwa, basi wale sita wakainuka wakatoka, wakabaki mtaalamu wa samaki, mtaalamu wa udongo na mtaalamu wa madaraja, jamani, ndio waamue habari za uzee.

Tarehe 21 Machi 2023 jibu likaja kwamba amekosa, na chini yake wameandika kuwa mwombaji atafute mtu mzoefu amsaidie kuandika. Dada yangu alicheka mpaka akashika ukuta, akaniambia, "Hao sita wamefanya sawasawa, mimi ndiye niliyewafundisha kutoka," lakini mimi mdogo wake sikucheka, na hadi leo roho inaniuma, kwa sababu kutoka nje ni sheria, ila kukaa miezi kumi na moja bila hata mmoja kuja kumpa pole au kumwonyesha pengine pa kuomba, hiyo haikuandikwa popote.

Utafiti ulifungwa tarehe 30 Juni 2023, Agosti figo zikaanza kumsumbua, akalazwa mara tatu, na kitandani bado aliletewa maandiko ya watu na akayasoma, hadi alipofariki Jumapili, tarehe 11 Februari 2024, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka sitini na mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani waliopika na kufua kwetu bila kuombwa, wafanyakazi wenzake, na wale sita pia, nimewaona, mmevaa vizuri. Wale wazee waliokaa nyuma wamekuja kwa miguu yao, tangu asubuhi wananiuliza mwezi wa tano atakuja nani kuwapima, na kwa kuwa mimi ni fundi friji, nimewaambia wawaulize ninyi mlioketi mbele.

Pumzika kwa amani, dada, mimi yangu bado sijaipata.