Générose Nduwimana, Aliyekataa Kuweka Saini

Ndugu, majirani na marafiki mliofika hapa Kanoge leo Jumamosi, tarehe 16 Agosti 2025, haya ni maisha ya Générose Nduwimana kama familia yake inavyoyajua. Yameandikwa na yanasomwa na mdogo wake, Leonidas. Tangu Jumatano kuna maneno yanazunguka msibani, chini chini, kwamba marehemu aliichezea bahati yake na ndiyo maana tunamzika akiwa na miaka thelathini na miwili tu. Wasemaji hatutawataja. Wanajijua, na wengine jana wameongezewa wali mara mbili. Tutaeleza mambo yalivyokuwa, kisha kila mtu arudi kwake na jibu lake.

Générose alizaliwa siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 9 Aprili 1993, katika zahanati ya hapa makazi ya Katumba. Alikuwa mtoto wa pili kati ya wanne wa Mzee Gaspar Barampama na Mama Odeta Ndayizeye. Wageni wetu tuwafahamishe jambo moja, maana bila hilo hamtaelewa yanayofuata. Sisi wenye asili ya Burundi, kwa desturi ya wazee wetu, hatuna jina la ukoo. Kila mtoto hupewa jina lake peke yake, la habari za siku alizozaliwa au la kumtaja Mungu, na jina hilo hachangii na mtu nyumbani. Ndiyo maana kaka yake ni Zefania Havyarimana, yeye Nduwimana, yaani mimi ni wa Mungu, anayemfuata ni Leonidas Niyonzima, na kitindamimba ni Aline Irakoze. Tumetoka tumbo moja, kwa baba mmoja, na tuna majina manne.

Mwaka 2001 alipelekwa kuanza darasa la kwanza. Mwalimu aliyekuwa akiandikisha alimsikia akijitaja Nduwimana, akadhani mtoto anadanganya, kwa sababu Zefania alikuwa darasa la tatu na alikuwa na jina jingine kabisa. Baba akaitwa, akaulizwa hawa watoto ni wa nani. Akavua kofia na kujibu kuwa ni wake. Akaulizwa tena, akajibu vilevile. Mwishowe mwalimu, kwa nia njema, akawaandika wote Gaspar, na jina la Nduwimana likabaki kwenye kadi ya kliniki na midomoni mwetu nyumbani. Njiani kurudi, Générose alimfariji baba yake kwamba jina jipya ni zuri kwa kuwa ni fupi na halitamaliza wino. Baba alicheka kidogo, akavaa kofia yake.

Alimaliza elimu ya msingi mwaka 2007, sekondari mjini Mpanda mwaka 2011, na kidato cha sita Tabora mwaka 2014, mwaka ambao wazazi wake walishika vyeti vyao vya uraia. Kwenye vyeti hivyo kila mtu aliandikwa kama alivyokuwa kwenye jalada la zamani la makazi ya wakimbizi, kwa hiyo karatasi za nyumba yetu zikawa hazifanani hata mbili. Hatukuona shida, tulizoea. Kuanzia Oktoba 2014 hadi 2017 alisomea sayansi ya kompyuta chuo kikuu Dodoma, na alikuwa wa kwanza katika kijiji chetu kusoma fani hiyo. Mama alikuwa akiulizwa binti yake anasomea nini, anajibu kwamba anasomea kuongea na mashine, na mashine inamsikiliza kuliko wanawe wengine wanavyomsikiliza yeye.

Januari 2018 aliajiriwa na kampuni moja ya kutengeneza programu jijini Dar es Salaam. Alianza kwa kusahihisha kazi za wenzake, na baada ya miaka mitatu wenzake kumi na wanne walikuwa chini yake. Tarehe 14 Septemba 2019 alifunga ndoa mjini Mpanda na Severini Amosi wa Usevya, mkulima wa mpunga na fundi wa mashine za kukoboa. Walikutana kwenye basi lililoharibika njiani, Severini akaomba alitazame injini, na Générose akamshikia spana. Juni 2020 walijaliwa mtoto wao Scolastica. Severini alimfuata mkewe Dar es Salaam kulea mtoto, jambo ambalo pia lilisemwa sana, na yeye alilicheka.

Mwaka 2021 kampuni ilipewa kazi kubwa na shirika moja. Ilikuwa kutengeneza daftari la wakulima kwenye kompyuta, ili mbegu na mbolea za ruzuku zimfikie mkulima halisi na si mtu wa kubuni. Générose ndiye aliyeongoza kazi hiyo. Mfumo ulitakiwa kukagua familia iliyoandikishwa, na majina ya baba na watoto yasipofuatana, familia nzima ifutwe bila kuulizwa. Kanuni hiyo aliiandika yeye, kwa mikono yake, kwa kufuata kile alichofundishwa tangu darasa la kwanza kwamba mtoto huitwa kwa jina la baba. Aliiandika akiwa na jina la Nduwimana kwenye kadi ya kliniki. Hili lisikieni vizuri, kwa sababu yeye mwenyewe aliagiza lisifichwe.

Jumanne tarehe 8 Juni 2021 aliujaribu mfumo kwa majina ya mkoa wa Katavi. Ulifuta watu 4,612. Alifungua orodha ya waliofutwa ili kuona ni watu gani wa kubuni wengi hivyo, na akakuta Katumba. Alikuta majirani, walezi wa kwaya, mama aliyemkata kitovu. Kwenye ukurasa wa tatu alimkuta Gaspar Barampama wa Kanoge, na mbele ya jina lake mfumo ulikuwa umeandika kwamba familia haijathibitika.

Alimwendea mkuu wake, Maiko, ambaye amesafiri kutoka Dar na tunaye hapa leo. Maiko hakuwa mtu mbaya, na marehemu hakuwahi kumsema vibaya. Maiko alimweleza kwamba kurekebisha na kujaribu upya kungechelewesha kazi kwa wiki tano, na kampuni ilikuwa imeahidi kukabidhi kazi tarehe 1 Julai. Isipokabidhi, kandarasi inaondoka, na vijana wale kumi na wanne wanaondoka nayo. Hati ya kukabidhi ilihitaji saini ya kiongozi wa kazi. Akishaiweka, atapandishwa kuwa mkuu wa wahandisi wote, na marekebisho yatafanyika awamu ya pili, mwakani. Générose alijua kwamba Katavi wanapanda Novemba, na mahindi hayangojei awamu ya pili.

Alimpigia baba simu. Hakumweleza, alimuuliza tu kama wanaweza kubadilisha karatasi za nyumbani ili majina yote yafanane. Mzee akasema, "Generoza, nimeulizwa mara nyingi kama nyie ni watoto wangu. Usiniulize na wewe." Akakata.

Yaliyofuata aliyajua Severini peke yake kwa miaka mitatu. Ijumaa tarehe 11 Juni, mchana, ofisi ikiwa imekwenda kula, Générose aliandika mistari miwili ndani ya mfumo. Mistari hiyo ilisema Gaspar Barampama wa Kanoge asiguswe. Ilimchukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai, na hakuna ambaye angegundua. Angeweka saini, angekuwa mkuu wa wahandisi, na baba yake angepata mbolea. Jumamosi na Jumapili hakula. Severini alimuuliza ana nini, akamwambia, na Severini akamuuliza swali moja tu: mama aliyekukata kitovu umemwekea mistari mingapi? Jumatatu asubuhi aliifuta ile mistari, akamrudisha baba yake kwenye orodha ya waliofutwa pamoja na wenzake.

Alhamisi tarehe 17 hati iliwekwa mezani mbele yake na kalamu juu yake. Maiko alimkumbusha kwamba waliofutwa ni asilimia mbili tu ya wote walioandikishwa nchi nzima, na kwamba hakuna mfumo usio na asilimia mbili.

"Hao asilimia mbili wanakaa pamoja, Maiko," Générose alimjibu. "Wanakaa kwetu."

Hakuweka saini. Aliandika barua kwa wenye kampuni na kwa shirika lililoagiza kazi, akaeleza kosa, akasema kosa ni lake, na akaambatanisha namna ya kulirekebisha. Shirika likaamuru kanuni ile iondolewe. Kazi ilichelewa wiki tano kama ilivyosemwa, kandarasi ikanusurika, na vijana wote kumi na wanne wakabaki kazini. Yeye alielezwa kwa upole kwamba kampuni haiwezi kukaa na kiongozi anayeandika barua nje. Tarehe 30 Julai aliacha kazi, na siku hiyo hiyo bima yake ya matibabu ikakoma. Hapo ndipo wanaonong'ona wanapopashikilia.

Alirudi Mpanda, akafungua ofisi ndogo Makanyagio, ya kutengeneza kompyuta na simu na kuchapa nyaraka. Watu walimcheka kwamba msomi mzima anatoa kopi za vyeti vya ubatizo. Alizitoa kopi hizo, na kila aliyeleta fomu ya kujaza alikaa naye, akakagua majina yote mpaka yakasimama sawa na karatasi zake. Aliwatengenezea wafuga nyuki wa Ugalla programu ya kuhesabu mizinga kwa simu, na hadi leo wanaitumia. Akiulizwa kwa nini aliacha kazi Dar, alisema amechoka na foleni. Aliona aibu, kwa sababu kanuni ilikuwa ya kwake.

Septemba 2023 aliona uvimbe kwenye titi la kushoto. Alidhani ni mabaki ya siku za kunyonyesha, kisha ikaja kazi ya shule fulani, kisha Krismasi. Januari 2024 hospitali ya hapa Mpanda ilimpa rufaa kwenda Mbeya, na huko ikathibitika kuwa ni saratani. Alipata matibabu ya awamu sita. Maiko, ambaye naye alikuwa amehama kampuni ile, alimtafutia kazi ya kufanya akiwa nyumbani, yenye bima, na Générose aliikubali bila kujivuna. Tunashukuru. Lakini ugonjwa ulikuwa umeshatangulia. Severini alimuuliza daktari kama angekuwa na bima tangu mwanzo ingekuwaje. Daktari alisema angefika mapema huenda ingesaidia, na kwamba wapo wenye bima wanaochelewa vilevile. Hatuna jibu zaidi ya hilo, na anayelo asituletee leo.

Julai mwaka huu, akiwa amelala kwenye chumba cha mbele hapa nyumbani, mimi Leonidas nilimuuliza lile ambalo wote tuliogopa kumuuliza, yaani kama angejua kwamba ataugua, angeweka saini? Akasema, "Leo usiniulize, Leonida. Naumwa. Leo ningesaini chochote mngeniletea. Mshukuru tu kwamba kalamu ilikuja siku ambayo nilikuwa mzima." Baada ya kupumzika aliongeza kwamba tusije tukamfanya mtakatifu kwenye karatasi ya mazishi. Tuandike kanuni aliiandika nani, tuandike na ile mistari miwili. Tumeandika, ingawa mkono ulikuwa mzito.

Générose alifariki dunia Jumatano tarehe 13 Agosti 2025, saa tatu asubuhi, Mama Odeta akiwa amemshika mkono. Kwa kumpoteza dada yetu tumeumia, na hatutafuti maneno mazuri ya kulifunika hilo.

Karatasi hii ilipopelekwa kuchapwa, kijana wa duka aliuliza kama ndugu wote waandikwe Barampama, ili ipendeze na ijulikane ni familia moja. Severini alimjibu aandike kama walivyo.

Marehemu ameacha baba, Gaspar Barampama. Ameacha mama, Odeta Ndayizeye. Ameacha mume, Severini Amosi, na mama mkwe, Cecilia wa Usevya. Ameacha ndugu, Zefania Havyarimana, Leonidas Niyonzima na Aline Irakoze. Ameacha mtoto mmoja wa miaka mitano, Scolastica, ambaye babu yake alimpa jina la Nshimirimana, yaani namshukuru Mungu.

Na ameacha watu 4,612. Wengi wenu mmekaa chini ya maturubai haya, na baadhi yenu ndio mnaonong'ona. Oktoba 2021 mlipanga foleni, mkaitwa kwa majina yenu, mkabeba mifuko yenu ya mbolea mkaenda zenu. Hamkujua kwamba Juni ile mlikuwa mmefutwa na mkono wa binti huyu, wala kwamba mkono huo huo uliwarudisha na haukumtanguliza baba yake. Sasa mmejua. Baada ya ibada kila mmoja wenu atashika udongo. Tunaomba akiutupa amwite kwa jina lake.

Nduwimana, pumzika kwa amani.