Kamba ya Fabiani Kapele, Mvuvi wa Nzi wa Manyoya

Aliyelala mbele yetu ni Fabiani Amosi Kapele. Tunaanza na hilo kwa sababu mkewe, Mama Josephina, ameomba tuanze nalo. Asubuhi jeneza lilipofunguliwa alimtazama mume wake muda mrefu, akashusha pumzi, akasema, “Ni yeye. Haya, endeleeni.” Baadhi ya waombolezaji walishangaa kumwona mjane ametulia vile, na wasifu huu utawaeleza sababu.

Marehemu alizaliwa Inyonga tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa kwanza wa Mzee Amosi Kapele, mrina asali, na Bibi Nyamizi. Masika ya mwaka 1966 Mzee Amosi alikuwa akivuka Mto Ugalla na asali yake, maji yakamchukua. Alitafutwa hadi watu wakakata tamaa. Wazee wakakata mgomba, wakauvisha shati lake, wakauzika badala yake. Fabiani, akiwa na miaka tisa, alitupa udongo juu ya mgomba ule akijua wazi kwamba baba yake hayumo.

Alisoma Shule ya Msingi Inyonga na kumaliza darasa la saba mwaka 1972, kisha akajifunza ufundi Tabora. Mwaka 1977 aliajiriwa relini, akawa fundi wa njia hapa Mpanda hadi alipostaafu mwaka 2017. Alikuwa mtu wa kukagua kila kitu mara mbili, hata chumvi kwenye mboga, jambo ambalo halikumfurahisha mpishi.

Tarehe 9 Julai 1983 alifunga ndoa na Josephina, binti wa wakulima wa kijiji cha Mamba. Walipokuwa wachumba alimsimulia habari ya ule mgomba. Josephina hakuusahau. Alimwambia, “Mimi utaniacha siku moja, sawa, lakini mgomba siziki.” Fabiani akaahidi kutokaribia maji, na ahadi hiyo aliishika miaka thelathini na kitu.

Kisha akastaafu. Kukaa tu kulimshinda. Alihamisha banda la kuku upande huu, akalirudisha upande ule, mpaka kuku wenyewe wakawa hawajui pa kulala. Mwaka 2018 binti yake Upendo, mpishi katika kambi ya watalii, alirudi likizo na fimbo ya kuvulia aliyopewa na mgeni mmoja mzee ambaye bega lilikuwa limemkatalia. Upendo alidhani baba ataitundika ukutani. Wapi! Jioni ile ile aliifunga uzi mwembamba wa nailoni na kipande cha risasi, kama mtu anayekwenda kuvua kambare, akairusha uani. Risasi ilitua kwenye sufuria ya maharage.

Ilibidi aanze upya. Upendo alimwonyesha video kwenye simu, na mzee akagundua kwamba uvuvi huu umegeuzwa. Chambo ni nzi wa bandia, manyoya yaliyofungwa kwenye ndoano, hayana uzito wowote. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, mnene na mzito, na lazima namba yake ya uzito ilingane na namba iliyoandikwa kwenye fimbo. Rafiki yake Zubery, mwenye duka sokoni, alimwagizia mshipi huo Dar es Salaam. Nzi aliwatengeneza mwenyewe kwa manyoya ya jogoo na ya kanga, na mbele ya ndoano akaweka waya mwembamba, maana samaki wa meno hukata uzi.

Miezi mingi alijifunza kurusha kwenye uwanja wa mpira wa Kawajense, pakavu kabisa. Watu walisema mzee wa reli sasa anavua nyasi. Josephina alicheka nao, kwa sababu nyasi hazizamishi mtu. Siku alipomwona anapaka mshipi mafuta ili uelee majini, hakucheka tena.

“Baba Upendo, unakwenda wapi?”

“Bwawani tu, Mwamkulu. Nitasimama ukingoni.”

“Hata baba yako alikuwa na mipango yake.”

Mwishowe Josephina alikwenda sokoni, akarudi na kamba nene ya katani. Aliiweka juu ya vifaa vyake na kusema, “Chagua vifaa vyako vyote, hiki nimekuchagulia mimi.” Kuanzia hapo wakaenda pamoja, mzee kiunoni na kamba, mama nyuma yake ameishika ncha ya pili, ameizungusha kwenye mti. Kabla ya kurusha mzee aliuliza, “Umeshika?” Mama alijibu, “Nimeshika.” Watu walimtania kwamba amefungwa kama mbuzi wa sikukuu. Hakujali. Zubery naye alipotaka kuanza, akauliza anunue nini kwanza, aliambiwa, “Fimbo usichukue ngumu, utaichukia. Mashine ya kuzungushia mshipi, yoyote. Lakini anza na kamba, na mtu wa kuishika.”

Agosti 2021 aliomba jambo moja: afike Ugalla, pale baba yake alipopotelea. Josephina alilia, kisha akafunga chakula. Huko mtoni, asubuhi, samaki wa meno alishika nzi, akavuta kwa nguvu, na mzee akasogea hatua ambayo hakupaswa kusogea. Ukingo ukamomonyoka. Akazama mpaka kofia ikaelea peke yake. Josephina na mwanawe Deogratias, aliyewasindikiza, walivuta kamba ile hadi viganja vikachubuka, wakamtoa akikohoa, fimbo bado mkononi. Samaki alikuwa ameshakwenda. Josephina alimkumbatia akampiga ngumi kifuani, vyote kwa wakati mmoja. Tangu siku hiyo mzee alilala usingizi mzuri kuliko zamani, na mama pia.

Mwaka 2023 aligundulika na ugonjwa wa moyo. Miguu ilivimba, bwawani hakwenda tena. Alikaa kitandani akifunga nzi na kuwagawia wageni, hata wasiojua wafanye nao nini. Alasiri ya Jumatano tarehe 12 Novemba 2025, nyumbani Kawajense, watoto wote wakiwa wamefika, aliuliza polepole, “Umeshika?” Josephina alikuwa ameushika mkono wake. Alijibu, na mzee akakata roho.

Ndiyo maana mjane wetu ametulia. Ana uchungu, nani asiyeona, lakini kile alichokiogopa miaka arobaini na miwili, kuzika mgomba, hakikutokea. Wabebaji walipolalamika njiani kwamba jeneza ni zito, yeye alisema, “Ashukuriwe Mungu.”

Ameacha mke, Josephina. Mdogo wa marehemu, Josephat. Watoto watatu, Upendo, Deogratias na Dina. Pamoja na wajukuu sita.

Kamba itakayomshusha kaburini ni ile ile ya katani. Vijana, nyie mtashika pande zote, isipokuwa ncha ya kichwani, hiyo mwachieni Mama Josephina.

Lala, Fabiani. Tunajua ulipo, na kamba imeshikwa.