Fundi Kefa Ndahani, Mwinda Kelele za Motokaa, Anapumzika

Leo Jumamosi, tarehe 30 Mei 1914, Fundi Kefa Ndahani anaweka nyundo chini baada ya kazi ya miaka kumi na minane: kumi na minne Mpwapwa, na minne hapa kwetu karakana ya Dodoma. Wengi walitaka wasifu huu uandikwe na karani, kwa kuwa ana mwandiko mzuri. Fundi mwenyewe alikataa. Alisema aandike Halfani dereva au asiandike mtu, na sababu yake mtaisikia humu.

Alizaliwa upande wa Mpwapwa, mtoto wa wafugaji. Mwaka 1896 aliingia kazini kwa Mdachi kama mfua vyuma wa magari ya ng'ombe. Siku hizo reli haijafika na mizigo yote ilipita kwa miguu au kwa kwato. Wanaomjua tangu huko wanasema aliweza kuwa ndani kwake anakula ugali wa uwele na mlenda, gari likapita nje, naye akainua kichwa akasema gurudumu la nyuma la kushoto limelegea. Kisha alitoka mbio kulifuata. Mkewe, Bi Hana, anaapa kwamba kwa miaka kumi na minne hakumwona akimaliza chakula kikiwa cha moto.

Reli ilipofika Dodoma mwaka 1910, ikashusha na motokaa ya Bwana Mganga wa ng'ombe, ya kupelekea wafugaji dawa ya sotoka, ule ugonjwa unaomaliza ng'ombe. Fundi akahamishwa kuja kuitunza. Motokaa ile ilikuwa inalia kila mahali: taa, madebe, milango, mabati. Sisi tulidhani ndivyo motokaa zilivyo. Fundi hakudhani hivyo. Alisema kitu kilichokaa mahali pake hakina haja ya kusema, na chochote kinacholia kinaomba msaada. Akaanza kuwinda kelele moja baada ya nyingine.

Uwindaji wake ulikuwa na namna yake. Alinyunyiza mtama sakafuni mwa gari, injini ikinguruma, akatazama punje zinarukia wapi zaidi. Au aling'ata mswaki wake upande mmoja, ncha ya pili akaigusisha kwenye ubao au chuma, akasikiliza kwa meno. Usicheke. Kwa meno hayo alikuta vifungo viwili vya kola ya Bwana Mganga chini ya kiti, baada ya Bwana kulalamika wiki tatu kwamba gari lake limeharibiwa. Na kwenye harusi ya Seth, dereva mwenzangu, alimfuata mchezaji mmoja uwanja mzima ameinama, mpaka akamwonyesha njuga iliyolegea mguuni. Ngoma ilisimama kidogo ili njuga ikazwe, kisha watu wakaendelea kucheza.

Sasa nifike pale alipotaka nifike.

Mwaka 1912 Fundi alitengeneza kasha la kubebea chupa za dawa. Kuta zake zilikuwa za mbao mbili mbili, na katikati alishindilia unga wa mbao ili chupa zisiumie njiani. Lilikuwa kasha zuri kupita mengine yote yaliyopata kutoka mikononi mwake, na alilijua hilo. Miezi mingi ilipita bila chupa hata moja kuvunjika. Mwezi uleule wa kulitengeneza ilipotea tindo yake, kile chuma kidogo cha kukatia misumari, urefu wa kidole. Alituuliza sote. Karani alipekuliwa mpaka mkoba, na hajasahau.

Baada ya mvua za mwaka jana chupa zikaanza kuvunjika. Kila safari moja au mbili, tena kwenye pembe ileile ya mbele, na njiani kilisikika kitu kikigonga: ko, ko, ko. Dawa yenyewe ilikuwa haba. Chupa moja ikipasuka, kuna watu walioswaga ng'ombe wao tangu alfajiri wakarudi nao vilevile, na wiki ya pili hawana ng'ombe. Bwana Mganga akataka kujua kosa ni la nani.

Fundi akaliwasha gari hapa uani, akaling'atia mswaki kila mahali, asisikie kitu. Akatoa hukumu yake: gari ni zima, mguu wa dereva ndio mzito, analipiga kwenye mawe. Dereva huyo ni mimi ninayewasomea haya.

Kwa siku zile adhabu yangu ilikuwa nyepesi, maana sikuchapwa kiboko. Niliondolewa kwenye usukani nikapelekwa kuvunja kokoto kwenye njia ya Kondoa, karibu na Kolo, ambako ndiko kwetu. Watu walionizoea nikipita na motokaa wakawa wananipita wao, nimechuchumaa na nyundo. Mama yangu alibadili njia ya kwenda kisimani ili asinione. Niliona aibu na nilikuwa na hasira, sifichi. Fundi Kefa ni umri wa baba yangu, lakini siku alipopita pale na gari la ng'ombe akipeleka vyuma, mimi sikumwamkia. Wiki saba sikumpa shikamoo.

Usukani alipewa Seth. Na chupa zikaendelea kuvunjika pembe ileile.

Hapo wengi wangenyamaza, kwa kuwa jambo limekwisha amuliwa na mwenye kosa anavunja mawe. Fundi hakulala. Alisema watu wawili hawawezi kuwa na mguu mmoja. Aliomba siku za kazi alichunguze gari upya, akanyimwa. Basi akatumia Jumapili. Alifunga vitambaa kwenye kila kitu kinachoweza kugonga: taa, madebe, milango, springi. Alichofunga akakivuka, akaenda kingine, ili kitakachobaki kulia kijulikane ndicho. Kanga mbili za Bi Hana ziliishia humo. Mwinjilisti alikuja kuuliza kwa nini haonekani ibadani, akakuta miguu miwili imetokeza chini ya gari. Akaiusia ile miguu, ikamjibu kwa heshima, akaenda zake.

Aliomba apande safarini mpaka Kolo. Akakataliwa mara mbili. Mara ya tatu akaomba apande kama mpagazi wa kushusha mizigo, wakamruhusu.

Nililiona gari likija kutoka juu ya mteremko, limevaa matambara mwili mzima kama mgonjwa wa vidonda. Taa kimya, mabati kimya. Bado lilisema ko, ko, ko. Sote wavunja kokoto tulisikia. Fundi alikuwa amelala nyuma, mswaki mdomoni, damu kidevuni. Kilikuwa kimebaki kitu kimoja tu ambacho hakukifunga kitambaa, kwa sababu alikitengeneza mwenyewe. Akaigusisha ncha ya mswaki kwenye kasha lake.

Alimpigia Seth kelele asimame. Akalishusha kasha kando ya barabara mbele yetu, Bwana Mganga akiwa kwenye kiti anauliza kuna nini. Alibandua ubao wa nje. Unga wa mbao ulikuwa umeshuka kwa mtikisiko wa miezi, juu kumebaki uwazi, na ndani ya uwazi huo kulikuwa na tindo yake. Kwenye tambarare ya uani petu ilitulia. Kwenye mteremko iliserereka mpaka pembe ya mbele ikawa inaupiga ubao mwembamba, na nyuma ya ubao ipo chupa.

Angeweza kuitia mfukoni. Hakuna aliyekuwa ameiona sawasawa, Seth angesema ni msumari, na Bwana asingeuliza zaidi. Aliinyanyua juu tuione wote, akamwambia Bwana Mganga: "Chuma hiki ni changu. Nilikisahau mimi." Kisha akanigeukia: "Halfani, nimekusingizia. Chukua gari lako." Mwenzangu mmoja akaanza ile methali ya nyani asiyeona kundule, na Fundi akammalizia.

Nilimwambia shikamoo. Hakuitika. Alisema hana haki ya kuitika bado. Akachukua nyundo yangu, akachuchumaa mahali pangu, akaanza kuvunja kokoto. Bwana alicheka, kisha akakasirika, kisha akaondoka. Fundi alikusudia wiki saba kamili. Siku ya kumi na moja taa ya gari ilianza kulia na hapakuwa na mtu wa kuijua, akaitwa. Nilimfuata mimi na motokaa, nikamwambia tena shikamoo. Mikono yake ilikuwa na malengelenge. Akasema, "Marahaba, mwanangu." Tangu siku hiyo mpaka leo haijavunjika chupa.

Bwana Mganga aliniambia niandike habari za reli na sifa za kituo. Fundi aliniambia niandike habari za tindo, la sivyo haji kwenye sherehe. Nimemtii Fundi. Tindo yenyewe alinipa. Ninayo mfukoni, imefungwa kipande cha kanga ili isilie.

Fundi, kwa niaba ya karakana nzima, ahsante. Ahsante kwa masikio yako, kwa meno yako, na kwa kutokubali jambo lililoamuliwa vibaya liitwe limekwisha. Ahsante pia Bi Hana. Kanga mpya mbili ziko kwenye furushi hilo. Tunawaombea afya, mvua za kutosha, na ng'ombe wasiojua sotoka.

Kesho nitakupeleka kwako Mpwapwa kwa motokaa. Vyungu na masufuria ya Bi Hana nimeyapakia mimi, na kwa makusudi sikuyafunga hata uzi. Yatagongana njia nzima. Utataka kushuka, nami sitasimama. Umetafuta ya kutosha. Kaa kwenye kiti, yaache yalie.

Shikamoo, Fundi.